Mtoto Wangu, Picha Yangu: Mjadala wa Kitale na Bungoma

Hoja iliyo mezani ni hii: mzazi anayeanika habari za mtoto wake mtandaoni, hata kwa mapenzi matupu, humkabidhi mtu asiyemjua ufahamu ambao hadi juzi ulikuwa wa jamaa na majirani peke yao. Mimi naiunga mkono. Wanaoipinga nao watasikika. Nimewapa sauti bila kuwapa majina, kwa kuwa wayasemayo si ya mtu mmoja. Ni maneno ya stendi ya Kitale, ya soko la Chwele, na ya kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa lolote kati ya Kitale na Bungoma.

Kila Januari picha moja hujirudia kwenye simu za watu wa Trans-Nzoia na Bungoma: barua ya mtoto kuitwa shule. Mzazi huitandaza mezani, akaipiga picha, akaiweka kwenye stetasi au Facebook pamoja na maneno ya kumshukuru Mungu. Furaha yake ni halali kabisa. Karo iliyomfikisha mtoto hapo haikuokotwa. Lakini hebu isome barua yenyewe. Ina jina kamili la mtoto, nambari yake ya mtihani, shule anayokwenda na tarehe ya kuripoti. Baada ya siku chache hufuata picha ya pili: mtoto kavaa sare mpya, beji inasomeka, sanduku la bati limeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe, na nyuma yake kuna bodaboda yenye nambari ya usajili. Ukiteremka kwenye ukurasa huohuo utakuta keki ya siku ya kuzaliwa yenye mshumaa wa umri, picha ya ubatizo mbele ya kibao cha kanisa, na salamu za shangazi anayemwita mtoto kwa jina la nyumbani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kibaya. Ubaya huja vikikaa pamoja, na kuviweka pamoja ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye bando ya shilingi 20.

Miji yetu haikuwahi kulindwa na kuta. Kinachomlinda mtoto Kitale, Kimilili au Webuye ni watu kujuana. Mlinzi wa lango la shule akimwona mtu mgeni humhoji: unamtaka mtoto gani, yuko darasa gani, mama yake ni nani, kwao ni wapi? Mtoto mwenyewe akiambiwa njiani na mtu baki kwamba mama amemtuma amchukue, naye hupima kwa kipimo hichohicho. Je, mtu huyu anajua jina ninaloitwa nyumbani, jina la babu nililorithi? Anajua dada yangu yuko shule gani? Mgeni alitambulika kwa kutojua. Kipimo hicho kilitutosha kwa sababu habari za mtoto zilikaa midomoni mwa watu waliomlea, na mtu wa nje hakuwa na pa kuzipata ila kwa kuja kukaa nasi. Leo anazipata akiwa amelala kitandani Nakuru. Anafika langoni akiwa amefaulu mtihani kabla ya kuulizwa swali, na sisi bado tunamhoji kwa maswali yaleyale.

Si lazima hata afike. Utapeli wa kumpigia mzazi simu una miaka mingi nchini, na unaanza hivi: saa tano asubuhi nambari ngeni inaita, mtu anajitambulisha kuwa mwalimu wa zamu, anasema mtoto ameanguka na kuzimia, wako njiani kumpeleka hospitali na huko wanadai pesa kabla ya kumpokea. Zamani tapeli huyu alikuwa anabahatisha. Alimpigia mama ambaye mwanawe alimaliza shule kitambo, akatukanwa, akakata. Anayepiga akishasoma stetasi za Januari habahatishi. Anataja jina kamili, darasa, shule, pengine hata bweni. Mzazi aliye Bungoma na mtoto wake yuko bweni Kitale hawezi kukimbia kwenda kuangalia. Anachoweza ni kufungua M-Pesa, na pesa ikishaondoka imeondoka.

MZAZI WA KANDUYI: Ndugu mwandishi, wewe unatutishia mtandao ilhali wanaoumiza watoto wetu hawauhitaji. Mtu aliyetutia simanzi hapa Bungoma, Masten Wanjala, alipata watoto kwa kupiga picha za skrini? Aliwaendea uwanjani, ana kwa ana, akijifanya kocha wa mpira. Adui yuko karibu. Wewe unatuelekeza mbali.

Hiyo ndiyo pingamizi nzito kuliko zote, na ninaomba isipitwe haraka. Wanjala alikamatwa Julai 2021, na polisi wakasema amekiri kuwaua watoto zaidi ya 10. Oktoba mwaka huohuo alitoroka kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi, na siku chache baadaye umati ukamuua kwao Bungoma, kwa hiyo mahakama haikupata kuusikiliza ushahidi. Ni kweli kwamba katika kisa kile intaneti haikuwa na kazi. Lakini tazama alichokihitaji. Alihitaji sababu ya mtoto kumwamini, na ili aipate ilimbidi avae cheo ambacho watoto wanakiheshimu na kukipenda. Ukocha ulimfungulia mlango. Mwingine, mvivu zaidi, haanzi kwa kujifanya kocha. Anaanza na jina la nyumbani, timu ambayo mtoto anaichezea, na bao alilofunga Jumamosi ambalo baba amelitangaza Facebook. Imani ambayo zamani mhalifu aliifanyia kazi wiki nzima, sisi wenyewe tunamrahisishia.

Halafu kuna jambo ambalo mzazi wa Kanduyi amelisema vizuri bila kulifikisha mwisho. Adui yuko karibu, sawa. Na ni nani wanaotazama stetasi yako? Ni watu wenye nambari yako: fundi aliyetengeneza paa, mpangaji aliyehama, mteja wa dukani, mwendesha bodaboda, mtu mliyekutana naye matangani mkapeana simu. Kundi moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu 1,024. Utafiti wa Disrupting Harm kuhusu Kenya, uliotolewa mwaka 2021 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ulionyesha kuwa wanaowanyanyasa watoto kingono kwa kutumia mitandao mara nyingi ni watu ambao mtoto tayari anawajua. Kumbe aliye karibu na aliye mtandaoni mara nyingi ni mtu yuleyule. Anayeogopa jirani mbaya ana sababu zaidi, si pungufu, ya kuangalia anachoposti.

MZAZI MWINGINE, MSOMI WA SHERIA: Turudi kwenye haki. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, chini ya Immaculate Kassait, iliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Idhini ya nani? Ya wazazi! Basi mwenye ruhusa ni mimi. Shule ilikosa kwa kutoniuliza, mimi nitamuuliza nani?

Swali ni zuri, na jibu lake limo kwenye sheria hiyohiyo iliyoitoza shule faini. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kinadai mambo mawili kuhusu data ya mtoto: idhini ya mzazi au mlezi, na matumizi yanayolinda na kuendeleza haki na maslahi ya mtoto. Idhini peke yake haitoshi. Katiba nayo, katika ibara ya 31, inampa kila mtu faragha bila kuweka umri, na ibara ya 53 inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kwa hiyo mzazi ni mwangalizi wa haki isiyo yake, na mwangalizi huulizwa ameitunzaje.

Nakubali kwamba hakuna afisa wa Kamishna atakayebisha hodi kwa mtu Milimani, Kitale, kwa sababu ya picha ya keki. Kifungu cha 51 kimeondoa kwenye sheria matumizi ya data ya kibinafsi na ya nyumbani. Ila nyumba inaishia wapi? Mahakama ya Gelderland nchini Uholanzi ilikutana na swali hilo Mei 2020, pale mama alipomshtaki mama yake mzazi aliyekataa kuondoa picha za wajukuu Facebook na Pinterest. Bibi aliamriwa aziondoe, la sivyo alipe yuro 50 kwa kila siku ya kukaidi, kwa kuwa picha iliyo wazi kwa ulimwengu si ya nyumbani tena. Ufaransa ilikwenda mbele zaidi: sheria yake ya Februari 2024 inawapa wazazi wajibu wa pamoja wa kulinda sura ya mtoto wao, na jaji anaweza kumzuia mzazi mmoja asiposti bila kibali cha mwenzake. Sisemi Bunge letu linakili Paris. Kumpeleka bibi mahakamani kwetu kungeleta laana kabla ya hukumu. Ninachosema ni kwamba mtu hawezi kujificha nyuma ya faini ya Roma School akadai imemkabidhi mtoto kama shamba lenye hati.

MJOMBA WA MTAHIRIWA, MBUKUSU WA KIMILILI: Mwandishi, unataka kutufungia na mila? Agosti ya miaka 2022 na 2024 tulitahiri, na kila mwaka wa shufwa tutatahiri. Kijana anazunguka na njuga akialika jamaa, alfajiri anapelekwa mtoni anapakwa matope, anarudi akiimbiwa Sioyaye, anasimama mbele ya watu wote. Jambo hili ni la hadharani tangu mababu. Nikilirekodi nimefichua siri gani?

Hapa nitakaa kidogo, maana hakuna mahali pengine ambapo swali hili ni letu namna hii. Video za tohara ya Kibukusu zimejaa mitandaoni. Nyingi zinaonyesha kijana akiwa uchi, amepakwa matope, uso unaonekana wazi, na anayerekodi anataja jina la baba na la kijiji kwa sauti ya kujivunia. Baadhi ya hao vijana hawajafika miaka kumi na miwili. Mjomba anasema jambo ni la hadharani, nami simbishii. Hadhara ile lakini ina mipaka. Waliosimama uani alfajiri ile walialikwa kwa njuga, wengi wao nyumba kwa nyumba. Wanajulikana ni wa ukoo gani. Mila yenyewe imepanga nani asimame wapi na nani afanye nini. Akitokea mtu akacheka vibaya au akamtazama kijana kwa jicho baya, kuna wazee wa kumtoa na kumtoza. Na wote wale, kesho na mtondogoo, watamwita yule kijana mwanamume, kwa sababu walimshuhudia. Ushahidi wao una wajibu ndani yake.

Anayeitazama video akiwa Manila au Manchester hana wajibu wowote kwa kijana huyo. Hajui kama alikaza moyo, wala hajali. Anachokiona ni mtoto aliye uchi, na wapo wanaotafuta hilo tu. Video haizeeki pamoja na rika. Mtahiriwa atafika sekondari, atakwenda kuomba kazi, na ile alfajiri yake itakuwa bado inatazamwa na watu ambao mila haikuwaalika. Anayeitetea mila kwa kurekodi, kwa maoni yangu, ndiye anayeivunja: amemwondoa mzee kwenye nafasi yake ya kuamua nani awe shahidi, akaiacha nafasi hiyo kwa kampuni za nje zinazouza matangazo.

Na siku hizi hata mtoto aliyevaa nguo zote hajasalimika. Oktoba 2023 shirika la Uingereza la Internet Watch Foundation lilieleza kwamba katika jukwaa moja tu la siri, kwa mwezi mmoja, lilikuta picha zaidi ya 20,000 zilizotengenezwa kwa akili unde, na kati ya zile ilizozichunguza karibu 3,000 zilivunja sheria ya Uingereza dhidi ya picha za unyanyasaji wa watoto. Programu za akili unde hazihitaji picha mbaya ili zitoe picha mbaya. Uso uliopigwa vizuri, kwenye mwanga mzuri, siku ya mahafali ya chekechea, unatosha.

MAMA ALIYE RIYADH: Nyinyi mlioko nyumbani mna anasa ya kukataa picha. Mimi nimeacha mtoto wa miaka minne kwa bibi yake karibu na Kamukuywa. Picha ndiyo njia yangu ya kumwona akikua. Na alipougua, ni picha yake iliyochangisha pesa za hospitali. Mnataka tufe na faragha yetu?

Mama, hakuna anayekunyima picha. Bibi akikutumia wewe moja kwa moja, au mkapigiana simu ya video, mtoto ameonekana na mmoja anayestahili. Ni tofauti na kuiweka mbele ya marafiki 3,000 huku ukiandika kwamba uko Saudia na mtoto yuko kwa mama yako mzee. Maneno hayo mawili yakisomwa pamoja yanamwambia msomaji mbaya kwamba nyumba ile inapokea pesa kutoka nje na haina mtu wa kuilinda. Kuhusu mchango wa matibabu, shida ni ya kweli, na watu wetu huchangia wanapoona uso. Ila uso, jina kamili, jina la ugonjwa na picha ya faili ya hospitali si lazima viende pamoja kwa kila mtu. Anayetaka kuhakikisha anaweza kumpigia mweka hazina au kumuuliza mchungaji. Sehemu moja tu nakubali bila masharti: mtoto akipotea, toa kila kitu, jina, picha, nguo alizovaa, na toa mapema, kwa sababu Lwakhakha na Suam ziko pua na mdomo na upande wa pili ni Uganda. Akipatikana, picha ziondolewe na waliozisambaza waambiwe waziondoe.

MWALIMU WA KITALE: Nimesikiliza, na bado naona hofu nyingi kuliko hesabu. Tupe idadi ya watoto walioibwa kwa sababu ya stetasi.

Mwalimu, tapeli haachi risiti inayoonyesha jina la mtoto alilipata wapi, wala mtekaji haachi. Anayedai hesabu ya namna hiyo anadai kitu ambacho mhalifu ndiye mwenye daftari lake. Na nakuunga mkono kwamba hofu za kuagizwa hazitusaidii. Benki ya Barclays ilitabiri mwaka 2018 kwamba kufikia 2030 thuluthi mbili ya wizi wa utambulisho unaowakumba vijana ungetokana na yale ambayo wazazi wao walianika. Ule ulikuwa utabiri wa Uingereza, ambako jina na tarehe ya kuzaliwa vinaweza kumfungulia mtu mkopo. Kwetu mwizi hasubiri mtoto afike miaka 18 apate kitambulisho. Anapiga simu leo saa tano. Ndiyo maana sipimi hoja hii kwa wingi wa visa. Napima pande mbili za mizani: upande mmoja kuna kupendwa na watu mia kwa siku moja, kwa jambo ambalo wangelipenda hata bila beji na nambari ya mtihani, upande wa pili kuna madhara ambayo yakitokea hayafutiki. Mzazi akiziba jina la shule kwa kidole kabla ya kupiga picha amepoteza nini? Akingoja wiki moja kabla ya kutangaza safari, nani ameumia?

Shule nazo zibadilishe maswali ya langoni, maana yale ya zamani majibu yake yako Facebook. Familia iwe na neno moja ambalo mtu yeyote aliyetumwa kumchukua mtoto lazima alitaje, na neno hilo lisiandikwe popote. Mzazi anayepigiwa simu ya dharura akate, apige mwenyewe nambari ya shule aliyoihifadhi, kisha ndiyo afungue M-Pesa. Mtoto aliyefika umri wa kuelewa aulizwe kabla ya picha yake kwenda popote, na akikataa, jibu lake liheshimiwe.

Na kwa wazee wa Bungoma na Trans-Nzoia: Agosti nyingine ya kutahiri inakuja, na nyinyi ndio wenye uani. Kijana anapotumwa na njuga kualika jamaa, mwaliko uwe na sharti kwamba mtoni na mahali pa kusimama simu zinabaki mfukoni, na atakayekaidi atozwe kama anayevunja miiko mingine ya siku ile. Ambaye tayari ameona picha ya mtoto ikitumiwa vibaya, simu ya bure ya watoto nchini Kenya ni 116.